Haijalia Bado

Mwezi hatukuuona; mawingu ya Saskatuni
hayana habari na sisi.
Simu ya shemeji ndiyo iliyoandama.

Mwaka jana, alfajiri, nilitia udi chetezoni,
kipande kama ukucha,
na kengele ya moshi darini ikapiga yowe.
Khelef alilia. Arafa, miaka mitatu,
akapiga makofi: "Idi imekuja!"

Mwaka huu tumehamia ghorofa ya tisa.
Tambi zimeiva, zabibu zimevimba,
kanzu imevaliwa juu ya suruali ya theluji
na Khelef anatembea kama mto ulioshindiliwa sufi.
Mwalimu tumemwandikia: leo hawaji.
Udi nimeufukizia dirishani, kwa adabu,
baridi ikaunywa wote.

Ila Arafa hataki viatu.
Amesimama ukumbini, shingo juu,
anakitazama kile kisahani cheupe
kama watu wazima wanavyoutafuta mwezi.

"Twende, mama, tutachelewa sala."
"Haijalia bado."

Baba yake akanitazama.
Nikafunga dirisha.
Akavua makubadhi, akapanda kiti,
akainua chetezo hadi darini,
akapuliza.