Saa Nane ya Pili

Bi Wiebke Lorenzen aliingia dukani kwangu Novemba,
Flensburg ikinyeshewa mvua ya ubavu,
saa ya ukutani kaifunga kwa taulo la jikoni.
"Haisikii tena," alisema.
Hakusema imeharibika.

Nikaifungua. Betri nzima, gia nzima,
na kile kijiti cheusi kilichovikwa waya wa shaba
ndicho sikio lake.
"Umeitundika wapi?"
"Juu ya friji."
"Mama, nani atasikia mnong'ono
akiwa amelala kinuni?"

Nikamweleza, maana napenda kueleza:
Mainflingen, kilomita mia tano na zaidi kusini,
kuna milingoti inayotoa wimbi refu,
wimbi la kutambaa na ardhi, lisiloona kilima.
Kila sekunde linapunguza sauti.
Likipunguza upesi, ni sifuri. Likikawia mara mbili, ni moja.
Kwa sifuri na moja hizo linataja dakika, saa, tarehe,
polepole, kama mtu anayemsomea kipofu barua.
Ila sekunde ya hamsini na tisa halipunguzi kitu.
Hapo saa zote zilizo macho hujua:
inayofuata ndiyo.

"Usiku ule wa Oktoba," akanikata,
"wanaporudisha saa nyuma,
tisa inapokataa kuwa tisa ikawa nane tena,
wimbi lako husema ni nane ipi?"
Husema, nikajibu.
Nane ya kwanza ina alama yake, ya pili ina yake.

Hapo akatoa karatasi ya hospitali.
Detlef Lorenzen. Saa nane na dakika arobaini usiku.
Ya kwanza au ya pili, hapakuandikwa.

"Saa hii ilikuwa kando ya kitanda chake.
Aliitaka iletwe toka nyumbani, ya wodini hakuiamini.
Mashine ya moyo walikuwa wameinyamazisha.
Mimi nililala kitini.
Nilipoamka ilikuwa nane na arobaini na tano, ile ya pili.
Mkono wake ulikuwa na joto,
lakini blanketi nalo lilikuwa zito.
Kama ni ya pili, nilimkosa kwa dakika tano.
Kama ni ya kwanza,
nilikoroma saa nzima na ushei pembeni mwa maiti.
Hii ilikuwepo. Iulize."

Saa haikumbuki. Hupokea dakika, huitumia, huitupa.
Miaka thelathini na moja ninauza dakika za kweli,
zilizopimwa kwa atomu zisizopepesa,
na sijampunjia mtu hata sekunde.
Nikachukua kipimo cha betri,
nikagusisha nyaya mbili mahali pasipo na maana,
nikakunja uso, nikanong'ona tarakimu.
"Ya pili," nikasema.

Alinitazama.
Kisha akalikunja taulo mara nne, pembe kwa pembe.
"Bei gani?"
"Hakuna. Iweke dirishani, mbali na friji.
Usiku itasikia."

Alipotoka nikafungua redio yangu ya kupimia,
ile inayogeuza wimbi kuwa mlio.
Fupi, ndefu, fupi, fupi.
Mvua ilikuwa inagonga kioo, haifuati hesabu ya mtu.
Fupi. Ndefu.
Hamsini na saba, hamsini na nane,
na pale palipo patupu
nikashika pumzi,
kama kwamba safari hii
lingenitaja jina.