Moshi Baridi

Uyoga wako, Vinko, bado umo koponi,
ule mgumu kama kisigino, uliouchuma kwenye miti mizee
juu ya Begunje, ukaukausha nyuma ya jiko majira mawili.
Leo nimeuwasha. Umekataa. Nimeupulizia tena,
na mvukuto wa ngozi umekohoa kabla haujapumua.

Ulisema: jaribu moshi mkononi mwako kwanza,
ukikuunguza wewe, utawaunguza wao.
Pumzi mbili, basi. Kisha ngoja.
Kungoja ndiyo kazi. Moshi ni hodi tu.

Nafungua mzinga kwa nyuma, kama kabati la vyombo.
Mbele, kwenye ubao alioupaka rangi babu yako,
sungura na dubu bado wanambeba mwindaji kaburini,
mbweha ameshika kengele,
na hakuna anayelia.

Ndani, ngurumo moja. Halafu vichwa vinazama.
Wanadhani msitu unawaka. Kila mmoja akimbilia asali,
ajaza tumbo kwa safari isiyokuwapo,
na aliyeshiba hivyo kiuno hakikunjiki, mwiba hautoki.
Sisi tunauita utulivu.

Naujua utulivu huo.
Siku tisa walikuja: Marjanca na mkate wa jozi,
Lojze na soseji, wanakwaya na supu juu ya supu,
kula, Rozalija, kula kidogo,
nami nikala, nikala, nikijiandaa kuhama nyumba
ambayo haikuwa ikiungua.
Sikumchoma mtu.
Hata yule daktari aliyekiita kikohozi cha msimu.

Kwetu nyuki hafi kibudu kama kuku.
Nyuki hufariki, kama mtu.
Ndiyo maana mwenye nyumba akiondoka
mtu huenda kugonga mzinga, akawaambia.
Mimi sikugonga. Wiki tatu nimewaacha
wakidhani umechelewa.

Mmoja hakunywa. Kanichoma kifundo cha mkono,
na harufu ile ikapanda, ya ndizi mbivu,
wito wao wa vita. Mkono wa pili ukaenda kwenye kifukizo:
pumzi moja, harufu ingefunikwa, yangekwisha.

Nimekiweka chini.
Nimekwangua mwiba kwa ukucha,
nimegonga ubao mara tatu kwa pete yako.
"Vinko hayupo," nimesema. Halafu,
kwa kuwa wanastahili neno lenyewe:
"Vinko amefariki. Ni mimi sasa. Nina mikono mizito."

Wamenguruma. Muda mrefu. Nimengoja
kama ulivyonifundisha, vibaya,
nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

Kwenye fremu ya tatu nimemwona malkia,
doa la buluu ulilompaka bado li mgongoni.
Alikuwa akitaga, chumba hadi chumba,
bila kuruka hata kimoja.
Na kando ya buti langu kifukizo kilivuta peke yake,
kama mzee aliyesahau kiko mdomoni.