Uliza Maji

Shusha kioo, dada, ila sogea kidogo,
umeziba njia ya mkokoteni wa Ndimbo.
Umeuliza kama mchicha wangu ni wa asili.
Asili ya nani? Mimi asili yangu Kilosa.
Mbegu nilipewa na Somoe wa tuta la tatu,
alizikung'uta kwenye kanga
kutoka mashina aliyoyaacha yazeeke makusudi.
Samadi ni ya ng'ombe wa Chuwa, wale wawili
wanaofungwa nyuma ya gereji, Mabibo,
wakila maganda ya ndizi na kusikiliza nyundo.
Dawa ni muarobaini, kitunguu swaumu,
na kipande cha sabuni ya mche, vikalala kwenye ndoo.
Vidukari wakizidi nawatoa kwa kidole.
Mia tano fungu.
Lakini swali lenyewe hujaniuliza.
Uliza maji.

Tulikuwa tunachota mtoni. Sikufichi.
Miaka sita, keni mbili mbili, asubuhi na jioni,
na mchicha ulivyonawiri! Majani kama sahani.
Mto leo buluu, kesho povu,
keshokutwa unanuka kama betri,
nasi tunasema mmea unachuja.
Mmea hauchuji, dada.
Mmea unapokea.

Akaja kijana wa chuo, Gwamaka,
na vichupa kumi na viwili ndani ya boksi la viatu,
akachota udongo kila tuta kwa kijiko cha chai.
Majibu yalikuja na mvua za vuli.
Aliyasoma amesimama, karatasi inalowa:
madini ya risasi, akasema.
Ngwembe akacheka, "Risasi? Nani katupiga?"
Akacheka peke yake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeuzia watu arobaini na mmoja.
Usiku niliwahesabu,
ninaowajua kwa majina,
nisiowajua kwa vyombo vyao:
beseni la kijani, kikapu kilichoshonwa mpini,
yule wa mapacha anayeombaga nyongeza.

Matuta manne ya ukingoni tuliyang'oa wenyewe.
Somoe aling'oa lake huku anasema nalo Kimwera,
taratibu, kama anayemvua mtoto nguo za homa.
Sasa pale pana maua ya harusi.
Maua hayaliwi.
Tukachimba kisima, kikatoa chumvi:
bamia ikakubali, mchicha ukakunja uso.
Tukavuta bomba. Mita moja, watu kumi na saba,
na daftari linakaa kwa Ndimbo
kwa sababu hajui kusoma, hawezi kuchakachua.
Ndoo moja, mstari mmoja.
Mwezi huu nina mistari tisini na mitatu
na mwezi haujafika katikati.

Ndiyo maana mia tano, na fungu lenyewe jembamba.

Wanasema mchumia juani hulia kivulini.
Hawajalima hapa.
Hapa kivuli ni cha nyaya za umeme mkubwa,
kinapita juu ya matuta kama uzi wa kushonea,
hakikutoshi kula,
hakikutoshi hata kulia.
Ardhi si yetu. Kibao kinasema HATARI
na fuvu limechorwa chini yake;
Somoe kalifunga mtandio, anasema linamtazama sana.
Siku watakayokuja na tingatinga
tutabeba mbegu na daftari,
mita watajua wenyewe.

Sasa uliza. Kwa sauti,
wa gari la nyuma naye asikie.
Na ukifika kwenye lile duka lenye baridi,
majani yamelala kwenye nailoni
yamebandikwa picha ya shamba ambalo hakuna aliyelipalilia,
uliza na huko. Watakutazama.
Wewe simama.

Haya, chukua mawili. Hilo dogo ni nyongeza.
Maji ni ya bomba, mstari wa tisini na tatu,
ukitaka Ndimbo akuonyeshe, atakuonyesha,
ataushika daftari juu chini.
Nenda, honi zimeanza.

Lakini ukifika nyumbani,
lioshe.