Binti Eyjólfur

Kwenye kadi ya chumba namba tisa wameandika: Susan White.
Mwenyewe ananiambia, meno yake yamo ndani ya glasi,
kwamba jina hilo alivishwa kama gauni la kuazima
na Bwana Cyril Tasker, mkuu wa bendi,
Jumamosi moja ya mwaka arobaini na tisa,
nyuma ya jukwaa la Ukumbi wa Marigold, Cleethorpes,
kwa kuwa mchora mabango alichoka kuuliza herufi.

Jina lake ni Svanhvít Eyjólfsdóttir.
Dóttir ni binti, akanieleza, kidole hewani.
Nikacheka peke yangu na beseni langu la maji ya moto:
mimi Thuwaiba binti Ridhiwani,
ambaye mshahara huku huja kwa jina la baba,
kana kwamba Ridhiwani ndiye anayegeuza wazee usiku.

Alishukia Grimsby, melini, juu ya shehena ya samaki,
viatu vyake vya fedha kavifunga gazetini.
Kiingereza alikiokota redioni, enzi za wanajeshi,
maneno ya mapenzi matupu: hakujua kuomba mkate,
ila aliweza kumsihi muuza mkate asimwache.

Bendi ya watu kumi na mmoja. Mpiga ngoma ana jicho la kioo.
Wolzi, foksitroti, mpaka saa tano na nusu,
kisha taa zote kwa mpigo, na mbio za basi la mwisho.
"Nilikuwa na pumzi," anasema, "ndefu kama gati."
Wavuvi waliotoka majuma matatu barafuni
walicheza kwa miguu iliyokuwa bado inatafuta mawimbi.

Ukaja mwaka wa hamsini na mbili.
Nchi yake ikasogeza mpaka wake baharini,
Grimsby nayo ikanuna: samaki wa Aisilandi asishuke hapa.
Jumamosi ile alikuta kichwa cha chewa
kimetiwa ndani ya kiatu kimoja cha fedha,
mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa maneno.
Bwana Tasker hakugomba. Alikipangusa kiatu kwa leso yake, akasema:
"Kuanzia leo umetoka Norwei."

Akatoka Norwei miaka minne.
Walipomuuliza habari za Oslo, mji asioujua hata kwa picha,
alitandaza mitaa, akapanda miti,
akajipa na shangazi mwenye duka la vifungo.

London alirekodi santuri moja, moja tu.
Upande wa pili ulikuwa uwe wa kwao,
bembelezi ya mtoto iliyonyooshwa ikawa wolzi.
Kampuni ikasema lugha hiyo haiuzi.
"Pale nilipopaswa kuingia," anasema, "wakatia klarineti.
Lakini hawakunijulisha mapema.
Ukitega sikio utanisikia navuta pumzi."

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Grimsby ilimpa kisu.
Bendi haikuuawa na ugomvi wa samaki; iliuawa na vijana watatu
wenye magitaa ya umeme, ujira nusu, ukumbi pomoni.
Akasimama kwenye meza za kiwanda miaka ishirini na mitatu
akitoa miiba.
Samaki wa wapi? nilimuuliza.
"Wa kwetu. Wa nani mwingine?"

Santuri imo kabatini, chini ya soksi.
Humu hamna mashine ya kuipiga.
Saa tisa usiku namgeuza ubavu, nikivumisha kitu puani
bila kujua, na mkono wake unagonga ukingo wa kitanda:
"Unakimbia. Moja, mbili. Ya tatu isubiri ije yenyewe."

Jana nilichukua kalamu nirekebishe ile kadi.
Nikamwomba anitajie herufi, moja moja.
Kwenye ya nne alikuwa amelala.
Basi chini ya Susan White, kwa mwandiko wangu,
nimeandika lile ninaloliweza bila kuuliza:
binti.