Lifti ya Gldani

Hapa Gldani lifti hula sarafu.
Tetri kumi hadi ghorofa ya tisa. Usipoilisha
inakukodolea taa yake ya manjano, basi.

Mwanangu Luarsab alikuwa na miaka mitano
na sentensi moja, aliyoiokota kwenye metro:
"Tahadhari, milango inafungwa."
Aliisema supu ikiwa moto.
Aliisema shangazi yake alipombana kumbusu.
Jirani Guliko akasema: kasuku huyo.
Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Mzekala, mwalimu wa matamshi, hakucheka.
"Usisikilize anasema nini. Sikiliza anasema lini."
Siku nne nilisikiliza. Ya tano, nikaketi chini:
miaka miwili mtoto alikuwa akituambia inatosha,
kwa maneno ya kuazima,
nasi tumesimama mlangoni mwake tunasukuma.

Kisha akatufundisha kungoja.
Shika sarafu. Tazama mkono wake,
si macho, macho yanamchoma.
Wewe mwenyewe gusa picha ya lifti kwenye kompyuta kibao,
aone inavyofanywa. Usimwambie "sema".
Hesabu moyoni hadi tano.

Unaujua urefu wa sekunde tano
kwa baba aliyezoea kummalizia mwanawe kila kitu?
Nyuma yetu watu na mifuko ya viazi, wanaguna.

Daftari: Jumatatu sifuri.
Jumanne sifuri, na meno yake mkononi mwangu.
Wiki ya tatu kidole, kwenye picha, mara moja.
Wiki ya saba sauti,
nyembamba, kama uzi unaotafuta tundu la sindano:
"Sarafu."
Niliidondosha. Tuliitafuta sote, hata wa viazi.

Jana umeme ulikatika.
Luarsab akatumbukiza tetri kumi zake. Kimya.
Nikajikaza kwa kilio kijacho,
nikaanza kuhesabu kwa mazoea, moja, mbili,

"Lifti imeshiba," akasema.

Hakuna aliyemfundisha. Hata metro haisemi hivyo.
Akageuka akashika ngazi, nami nyuma yake,
ghorofa tisa, nikihema,
Guliko akitumulikia kwa simu bila neno.

Mzekala aliuliza jambo moja tu:
"Ulimsaidia?"
Hapana.
"Basi andika: bila msaada."

Daftarini hamna safu ya kitu kama hicho.
Nimeandika pembeni, palipo na doa la supu.