Taa ya Gari Lisilo na Paa

Gari lisilo na paa, taa yake ya ndani hukaa wapi?
Ersilia anajua: chini ya kioo cha kutazamia nyuma,
kifuniko cha plastiki kilichogeuka rangi
ya meno ya mvuta tumbaku.

Februari, Ivrea. Ukungu umelala hadi mlangoni pa gereji.
Amevaa koti la marehemu kaka yake, Gualtiero,
aliyekufa bila mke,
aliyeshikilia miaka kumi na tisa
kwamba ubovu ni wa balbu.

Balbu nzima.
Fyuzi nzima.
Mwanamke aliyekaza skrubu za mashine za kuchapa
tangu usichana hadi kiwanda kilipofunga
hadanganywi na kitu kidogo.
Akapapasa karibu na bawaba, akakipata kitufe
ambacho mlango ukifungwa hukibana,
ukifunguliwa hukiachia.
Hakikuachiwa. Kimezama, kimeota kutu ya kijani.

Msasa. Mate kidogo. Pindo la koti.
Akasugua mpaka shaba ikakumbuka wekundu wake,
kitufe kikaruka, tik,

na ikawaka.

Mwanga haba, wa kusomea ramani kwa kukisia.
Lakini ulifika chini ya kiti cha abiria:
tiketi mbili za kivuko cha ziwani,
na pini ya nywele
isiyo yake, wala ya mama yao.

"Kumbe," akasema,
akiigeuzageuza kama skrubu
ya mashine asiyowahi kuifungua.

Akairudisha palepale.
Akaufunga mlango polepole,
taa izime yenyewe.