Makonyo

Maalim Shaame kaandika ubaoni:
"Jadili taharuki. Kurasa nne. Jumatatu."
Kisha kafuta chaki kwenye kanzu,
kama mtu aliyeomba chumvi kwa jirani.

Hadithi nimeitoa kivuli kwa Mbarouk,
hapa Wete, mlango wa pili kutoka benki.
Mashine yake inakohoa wino,
kila "a" ina jicho lililovimba.
Ukurasa mmoja mia mbili.
Nikatoa elfu moja na mia nne,
nikazibana kurasa zangu sita
kwa pini ya mtandio.

Usiku tunachambua: mama, Saumu, mimi.
Karafuu mbichi zimemwagwa jamvini,
nyekundu kama ufizi.
Unashika kishada kiganjani,
unakisukuma kwa dole gumba, tepu, tepu,
karafuu huku, makonyo kule.
"Skuli mnasomeshwa nini siku hizi?"
"Uchambuzi, mama."
Kacheka hata mikono ikasimama.
"Basi mie profesa."

Nikawasomea.

Bi Mwatime yu peke yake ndani.
Kila ikifika saa tatu ya usiku
kufuli la nje linacheza.
Funguo zilikuwa tatu:
mmoja kaufunga upindoni mwa kanga,
mmoja ulitumbukia kisimani,
na wa tatu, anasema, kazikwa nao mumewe, mfukoni.
Linacheza. Linanyamaza.
Linacheza tena,
na safari hii ufunguo unaingia wote.
Ukurasa wa sita unaishia hapo,
kwenye neno "mlango".

Saumu kasahau kishada mkononi.
Mama, bila ya kuinua macho:
"Sanda haina mfuko."

Hapo ndipo nilipoipata insha.
Niliandika mpaka taa ya sola ikawa nyekundu:
kwamba hofu haikai kwenye kufuli,
inakaa kwenye uwongo mdogo
uliopitishwa mbele yetu
sisi tukiwa tumekodolea mlango;
kwamba Mwatime anamjua aliye nje,
amemjua tangu siku ya maziko;
kwamba mwandishi ni jasiri, hakufungua,
katuacha na mkono juu ya komeo.
Niliandika "mwisho wa wazi" mara nne.
Nikaufananisha na pumzi
anayoizuia mchumaji juu ya mkarafuu
tawi linapolia chini ya mguu wake.

Ijumaa karatasi zikarudi.
Wino mwekundu, mwandiko umelalia kushoto:
"Hoja ya sanda sijapata kuiona. Nzuri mno.
Ila mwisho wa wazi upi?
Ukurasa wa saba hukuusoma?"

Mbarouk kafunua kifuniko cha mashine.
Karatasi imelala kifudifudi juu ya kioo,
ina vumbi la siku kumi.
"Hela yako niliipokea ya saba," kasema.
"Kwani hukuhesabu?"

Sikuhesabu. Mimi,
niliyemkamata Mwatime kwa mfuko wa maiti.

Nikausoma njiani, nimesimama,
gari la maji likinipigia honi.
Mistari kumi na mmoja.
Kila kitu kimeelezwa:
nani, kwa nini, deni la nani,
hata upepo umepewa sababu yake.
Mlango ulikuwa mlango.

Leo nimeongeza aya moja, hakuna aliyeniomba:
"Maalim, ukurasa wa saba ni makonyo.
Mashine ya Mbarouk ni mhariri bora."
Nikamsomea mama, nikangoja acheke.
Hakucheka. Kachota makonyo kwa mikono miwili,
kayanusa, kayarudisha kwenye pakacha lake.
"Na haya yana bei yake, mwanangu.
Usitupe kabla hujapima."

Nikaufuta ule mstari wa mhariri.
Ule wa makonyo nikauacha.

"Lakini nani?" Saumu kauliza.
"Nani alikuwa nje?"
Mama naye kanyamaza, kidole kimesimama hewani,
kwa mara ya kwanza tangu magharibi.

Nikavuta kishada kingine.
Tepu, tepu.